Siku niliyotangaza Shirere nzima kwamba dada yangu ameleta virusi nyumbani

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Nimekuwa nasoma uzi wa vijana humu wanaobishana antivirus gani ni kali kuliko nyingine. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama niko sawa.

Basi wacha niwape yaliyonipata mimi mwenyewe, miaka ya tisini, hapa Kakamega. Siongezi chumvi. Wahusika wote wako hai mpaka leo, isipokuwa computer.

Mimi nachezea hizi mashine tangu wakati ambapo ukiuliza mjini nani ana computer nyumbani, unaelekezwa kwangu. Nilikuwa mwalimu wa physics, sijaoa, nimepanga nyumba mtaa wa Shirere, tunatumia ukuta mmoja na jirani. Niliishi na mdogo wangu Everlyne, ambaye alikuwa anasomea secretarial college mjini.

Computer yenyewe niliachiwa na mtafiti mmoja aliyekuwa anafuatafuata tumbili kule msituni Isecheno. Niliwahi kumtengenezea generator, na siku ya kurudi kwao akaona kupanda ndege na ule mzigo ni kujitesa.

Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchemsha chai, ukarudi ukaipata bado inafikiria.

Usalama wake ulikuwa wa aina mbili: kitambaa cha crochet alichofuma Everlyne, na mlango wa chuma. Password niliweka mara moja tu. Nikaisahau, ikabidi nifungue mashine kwa screwdriver nitoe betri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hacker wangu wa kwanza ni mimi.

Turudi kwenye mada.

Mwaka huo Everlyne alikuwa amechumbiwa na kijana anaitwa Wycliffe, dereva wa trekta la miwa upande wa Mumias. Wazee walishakaa wakaelewana, harusi imekaribia. Mimi nikajitolea kuchapa program ya kanisani. Nilikuwa najivunia, wakuu. Nani mwingine angekuwa na program ya harusi iliyochapwa nyumbani?

Jioni moja niko katikati ya kuchapa wimbo wa pili, herufi moja ikaanguka.

Ndiyo, ilianguka. Ilitoka kwenye mstari wake, ikateremka mpaka chini ya screen. Nikafikicha macho. Ikafuata nyingine. Halafu jina lote la bwana harusi likaporomoka, likalala chungu moja na jina la mchungaji.

Wakongwe wenzangu, hiyo virus mnaijua. Mimi nilikuwa nimeisoma tu kwenye gazeti la computer. Nikakumbuka Everlyne alikuwa ameingiza floppy ya college siku hiyo hiyo afanye mazoezi ya typing. Kule college diski moja ilikuwa inazunguka darasa zima.

Nikaruka kutoka kwenye kiti. Na sauti ya mwalimu mnaijua.

"Everlyne! Wewe ndiye umeleta virusi hapa nyumbani! Umetoa huko college!"

Everlyne akatoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. "Pole, sikujua! Wote kule wako nazo!"

Wakuu, ule ukuta wetu na jirani ulikuwa unapitisha hata kikohozi.

Mnaokumbuka miaka hiyo mtanielewa. Neno virusi halikuwa na maana ya pili. Tulikuwa tunazika vijana kila mara, na kwenye matanga hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Walisema "kifua", au "malaria imemsumbua". Nani angejua kwamba hata mashine inaweza kushikwa na virusi?

Kesho yake jirani yetu, Mama Brian, akaniletea kuku. Kuku mzima, ingokho ya kienyeji! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, mpikie huyo mtoto supu. Kukula ndio kitu ya maana." Nikashukuru. Nilishawahi kumtengenezea redio, nikajua ni shukrani ya hiyo.

Jumapili kanisani, akina mama walimkumbatia Everlyne mmoja baada ya mwingine. Mmoja alilia kabisa. Tukiwa njiani kurudi, Everlyne akaniambia, "Kumbe watu wananipendanga hivi!" Tukasema ni mambo ya harusi.

Sasa, Mama Brian ana dada aliyeolewa Mumias. Hamkujua. Hata mimi sikujua.

Katikati ya wiki nikatoka shule nikakuta wageni mlangoni. Ni shangazi yake Wycliffe, na wamama wawili amekuja nao, nyuso kama za watu wanaokwenda matanga. Shangazi huyu ndiye aliyemlea Wycliffe, na neno lake kwao ndilo la mwisho.

Tukasalimiana mulembe, mulembe, nikawakaribisha. Everlyne akaleta chai na njugu, akarudi jikoni. Hakuna aliyegusa kikombe. Kwetu mkwe akiacha chai ipoe, jua kuna jambo.

Shangazi akakohoa. "Mwarimu, sisi ni watu wa kusema ukweli. Tumesikia huyu msichana ameleta virusi hapa nyumbani."

Wakuu, nilifurahi! Habari za computer yangu zimefika Mumias!

"Ni kweli, Mama."

"Alitoa wapi?"

"College. Kule wanapeana ovyo ovyo. Mmoja akimaliza anampa mwenzake, na hakuna mtu anapima kwanza."

Mama mmoja akaziba mdomo kwa leso.

"Lakini si yeye peke yake," nikamtuliza. "Darasa zima wako nazo. Hata mwalimu wao."

"Uwi! Na dawa?"

"Dawa iko. Rafiki yangu ananiletea kutoka Kisumu. Shida ni kwamba virusi vipya vinatokanga kila siku."

Shangazi akafumba macho. "Na harusi?"

"Harusi iko palepale, Mama! Dawa ikikataa, nitafuta kila kitu nianze upya."

"Utafuta nani?"

"Computer."

Akafumbua macho. "Computer ni nani?"

Ndugu zangu. Niliangalia zile nyuso, nikaangalia ile chai, nikamkumbuka yule kuku, nikakumbuka machozi ya kanisani. Kumbe wao wanaongea ule ugonjwa usiotajwa!

Nikainuka, nikavuta kitambaa, nikawasha mashine. "Mama, tafadhali nipe muda kidogo. Mgonjwa ni huyu."

Tukasubiri. Ndoa ya dada yangu inaning'inia, na mashine inafikiria. Hatimaye nikafungua program ya harusi.

Herufi zikatulia tuli. Hakuna hata moja iliyotikisika!

Ile ndiyo siku pekee maishani mwangu niliyomwomba Mungu virus ifanye kazi. Dakika zikapita. Mama mmoja akanong'ona kitu. Shangazi akachukua mkoba wake, akaanza kuinuka.

Herufi moja ikaanguka.

Halafu nyingine. Halafu mstari mzima.

"Yesu!" mama wa pili akasema, akarudisha kiti nyuma. Lakini Shangazi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Sasa hii ndio virusi?"

"Ndio hii, Mama. Inatoka kwa diski moja inaingia kwa nyingine. Haishiki mtu."

"Na msichana?"

"Msichana ni mzima kabisa."

Nikageuka nikamwona Everlyne amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia yote. Hakuna aliyehitaji kumweleza watu wamekuwa wakisema nini juu yake. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na mimi nikatamani ardhi inimeze pale pale.

Shangazi alianza kucheka. Alicheka akashika mbavu, wale wamama wakamfuata. Kisha akajifuta macho, akamwita Everlyne akae karibu naye.

"Njoo hapa, mama. Wacha nikuambie kitu. Jana tulimwita Wycliffe, tukamwambia mambo yote tulisikia. Mimi mwenyewe nilimwambia aachane na wewe. Unajua alinijibu nini?"

Everlyne akatikisa kichwa.

"Alisema, kama ni mgonjwa, basi hiyo harusi mmeiweka mbali sana. Ileteni karibu." Shangazi akamshika mkono. "Huyo mtoto hajawahi kukataa neno langu. Nimekuja hapa nimwone huyo msichana ni nani."

Wakuu, hata mimi nililia. Mwalimu wa physics mzima.

Chai ilikuwa imepoa. Shangazi akaomba ipashwe moto, wakanywa mpaka sufuria ikaisha.

Dawa ya Kisumu ilifanya kazi, program ikachapwa, harusi ikafanyika. Mama Brian alikaa safu ya mbele, na mpaka leo sijamlaumu. Yeye alisikia tu nilichopiga kelele, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuleta chakula.

Nilichojifunza? Kila kinachoingia kwenye mashine yako, kipime kwanza, hata kama kimeletwa na ndugu. Weka backup. Na ukipata virus, itaje mashine kwanza kabla ya jina la mtu, tena kwa sauti ya chini. File likiharibika utalichapa upya. Jina la binti wa watu likiharibika, utaanzia wapi?

Jambo moja tu limenishinda. Simu ya Wycliffe haina password mpaka leo. Nimemsomesha, nimemtisha, nimemwekea mwenyewe akaitoa. Ananiambia, "Shemeji, anayeishika ni Everlyne tu. Sasa nimfungie nje ya nini?"

Mabingwa wa security mlio humu, hebu nisaidieni nimjibu vipi. Na wewe virus yako ya kwanza ilikupata wapi? Ya computer, nimesema. Ya computer.