Mwalimu wa tuition aliyemwambia binti wa mkimbiaji kwamba fizikia si ya kwao

Wakuu, hamjambo nyote.

Hili jambo nimeliona kwa macho yangu na sitaongeza chumvi. Lilivyo tu linatosha kukuharibia chai.

Mimi niko Eldoret. Niliwahi kufundisha hesabu na fizikia, siku hizi nina agrovet huku Munyaka. Nauza mbegu, mbolea na dawa za kuku. Lakini ukishakuwa mwalimu, watoto wa mtaa hawakuachi. Anatumwa dawa ya kuku, anafika na kitabu kwapani.

Mmoja wao ni Chelagat, yuko Form Two. Baba yake ni mkimbiaji, pacemaker. Kazi yake ni kuwaongoza wenzake kwa mwendo uliopangwa, halafu anatoka kando wao wanaendelea.

Chelagat anataka engineering ya umeme. Redio ya nyanya yake ikinyamaza, ni yeye anaifungua. Lakini shule yao inachuja mwisho wa Form Two. Ukianguka fizikia, unaiacha, Form Three unapewa somo lingine. Na bila fizikia, hiyo engineering utaisikia kwa wengine.

Topic iliyokuwa inamuua ni motion. Speed, velocity, hayo mambo. Mama yake akampeleka tuition ya likizo huko Kapsoya.

Hapo ndipo anaingia huyu bwana.

Anajiita Professa. Chuo kilichompa hicho cheo bado tunakitafuta. Silaha yake ni moja tu: pembetatu. Anachora pembetatu ubaoni, distance juu, speed na time chini, anawaambia watoto wafunike wanachotafuta kwa kidole. Basi. Hiyo ndiyo fizikia yote kwa Professa. Ukimuuliza speed ni kitu gani, atakuonyesha kidole.

Siku moja Chelagat akaja dukani macho mekundu. Akaniwekea karatasi kwa counter.

Swali lilikuwa rahisi. Mwanariadha anakimbia kilomita 12 kwa dakika 40. Tafuta speed yake.

Chelagat alikuwa ameandika 3.33. Professa amepiga msalaba mkubwa mwekundu.

"Alilisomea darasa lote jibu langu, Auntie," akasema. "Akasema 3.33 kwa saa, hata nyanya mzee akienda kusaga mahindi posho mill anapita hapo. Wakacheka. Halafu akasema kwetu tumekimbia sana mpaka akili zikabaki nyuma, fizikia si ya watu kama sisi."

Wakuu, nilikasirika, lakini hasira haifundishi mtoto. Nikamvutia kiti.

"Hebu niambie. 3.33 ulifikaje hapo?"

"Nimegawanya 40 kwa 12."

"Mbona sio 12 kwa 40?"

Akaniangalia kama nimeuliza mbona tunavaa viatu miguuni. "Si ndivyo inafanywa? Baba akitoka training anasema leo tumeenda tatu na ishirini. Dakika tatu na sekunde ishirini kila kilomita."

Sasa tulieni hapo kidogo, hasa nyinyi mliotoroka fizikia.

Wakimbiaji wa huku hawasemi kilomita kwa saa. Wanasema dakika kwa kilomita. Hiyo ndiyo pace. Mtoto aliyelelewa nyumba ya mkimbiaji amesikia pace tangu akiwa mgongoni. Kwake, namba ikipungua ndio mtu anakimbia kasi zaidi. Kwa speed ni kinyume: namba ikipanda ndio unaenda kasi.

Dakika 40 ukigawanya kwa kilomita 12 unapata dakika 3.33 kwa kila kilomita. Theluthi ya dakika ni sekunde ishirini. Yaani tatu na ishirini, ile ile ya baba yake! Hesabu ya huyu mtoto ilikuwa safi. Alijibu swali ambalo hakuulizwa, basi.

Na Professa, na pembetatu yake yote, hakuuliza hata namba ile ni ya nini. Alibandika "kwa saa" mwenyewe, kisha akamcheka mtoto kwa units alizozileta yeye.

Nikamwambia Chelagat, "Hujakosea kugawanya. Umeipindua tu. Kilomita moja inachukua dakika 3.33. Kwa saa moja, dakika sitini, zitaingia kilomita ngapi?"

Akagawanya 60 kwa 3.33. Akarudia tena.

"Kumi na nane. Auntie, baba anakimbia kumi na nane kwa saa? Hiyo ni kama boda!"

"Boda ya mzee mwoga, ndiyo."

Alicheka mpaka mteja wa mbolea akageuka.

Tukaendelea na velocity. Nikamwambia, baba yako anaanza kwa mstari wa uwanja, anazunguka laps zote, anamalizia pale pale. Distance amekula nyingi. Lakini kutoka alikoanza mpaka alikofika, ni umbali gani?

"Hakuna."

Huo ndio displacement. Na average velocity ni displacement kugawanya kwa time. Kwa hivyo?

"Zero," akasema. Halafu, "Jasho yote hiyo? Hii siwezi kumwambia."

Wiki hiyo Professa akaalika wazazi wakae nyuma ya darasa waone kazi yake. Mama Chelagat hakuweza kuacha kibanda chake, akaniomba niende.

Nikaenda. Nimeona vituko maishani, lakini sijaona mtu akikosea kwa kujiamini hivyo. Aliandika: gari linatoka Eldoret kwenda Chepsaita, kilomita 30, linarudi kwa njia hiyo hiyo, safari yote saa moja. Tafuta average velocity.

Akachora pembetatu. Akafunika. Akaandika 60 kilomita kwa saa, akapiga mstari mara mbili chini yake, akatugeukia sisi wazazi akitabasamu.

Chelagat akainua mkono. "Mwalimu, hiyo ni speed. Velocity ni zero."

"Zero?" Professa akafungua mikono kama mhubiri. "Watu wangu, gari limezima njiani kule Turbo! Leteni mechanic!"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Na wazazi wengine pia, aibu yao.

Msichana hakuketi. "Gari limerudi lilipotoka. Displacement hakuna. Sasa velocity itatoka wapi?"

"Wewe binti wa champion, kwa mtihani andika hiyo zero yako uone itakupeleka wapi."

Nikasimama. Nikamwomba kwa heshima atusomee maana ya velocity kutoka kitabu kilichokuwa mezani pake.

"Mama," akanijibu, "agrovet ni agrovet, fizikia ni fizikia."

Kitabu hakukifungua.

Tukatoka. Njiani Chelagat akaniuliza, "Na kama swali kama hilo litakuja, na mwenye kusahihisha anafikiria kama yeye?" Hakuwa anaogopa swali. Alikuwa anaogopa kuipoteza fizikia kwa kuandika ukweli.

Nikamwambia aonyeshe kila hatua, aandike units, na azitaje distance na displacement kila moja kwa jina lake. Anayesahihisha akiwa ameisoma hata kidogo, ataona.

Shule ikafunguliwa, mtihani ukafanywa. Swali lilikuja, la mwanariadha na uwanja. Madam wao wa fizikia alimpa marks zote za hilo swali. Chelagat akavuka mchujo, Form Three yuko na fizikia. Wenzake kadhaa wa tuition waliandika kile cha pembetatu. Wengine wao hawana fizikia leo.

Mnadhani Professa alijificha? Aliweka bango stage ya matatu ya Kapsoya, picha ya Chelagat juu yake: "MATUNDA YA PROFESSA."

Baba yake, mtu asiye na maneno mengi, akanipitia twende pamoja. Professa alitupokea kwa mikono miwili.

"Champion! Umeona vile tumemtengeneza mtoto?"

"Toa picha."

"Lakini mzee wangu, hata kwenu ni sifa..."

"Nimesema toa. Nitasimama hapa mpaka uitoe."

Akasimama. Watu wa stage wakaanza kusogea kuona kuna nini. Professa akapanda kiti, akalibandua mwenyewe, huku wakimuuliza huyo mtoto alimfundisha nini hasa.

Wazazi na walimu, nilichotoka nacho ni hiki. Mtoto akileta jibu la ajabu, usikimbilie kalamu nyekundu. Muulize amefikaje hapo. Mara nyingi kuna akili ndani yake, imegeuka tu upande. Na mwalimu anayehitaji darasa licheke ili afundishe, mtoe mtoto wako mapema.

Sasa nanyi mseme. Ni kosa gani mtoto wako alichekewa nalo na darasa zima, kumbe alikuwa na sababu? Na wewe unayekwama kwa motion, weka swali lako hapa chini bila aibu, tutalifungua pamoja polepole.

Professa, najua unasoma huku. Nawe karibu, uliza tu.