Winchi Iliyovaa Soksi

Kwenye bonde la Bartang, milimani kwenye barafu, wapo wanaoogopa mbwa mwitu na wapo wanaoogopa wakwe zao. Oqnazar, dereva, anaogopa alasiri. Asubuhi mto ni mpole, hata punda anayechechemea anavuka. Jua likishaipiga barafu kule juu, maji hushuka na mawe yake, na kilichosimama kivukoni hakionekani tena. Siku ile gari lake la Kirusi, ambalo yeye na mkewe Nuqra waliuza ng'ombe wote kulinunua, lilikwama katikati ya mto. Jua lilikuwa limeshapanda.

Mwanzoni hakubabaika, kwani mbele ya gari kulikuwa na winchi, mashine ya kujivutia kwa waya. Alivuka na ndoano, akauzungusha waya wa chuma kwenye jabali la ng'ambo, akarudi, akabonyeza kitufe. Ta. Akabonyeza tena. Ta. Winchi haikuzunguka.

"Imekufa?" Nuqra aliuliza, yuko kwenye usukani.

"Maiti haisemi, bibi wee. Hii inasema 'ta', maana yake amri inafika, umeme ndio haufiki. Wewe usizime injini tu."

"Nizime ili iweje, nioge?"

Akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimekaza. Waya wa hasi nao umekaza. Akachukua nyaya za kuamshia gari, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Winchi ikashtuka na kuzunguka kidogo. Mota ni nzima, basi ugonjwa uko kwenye kisanduku cha swichi.

Kisanduku kile kilikuwa kimevaa soksi. Nuqra aliifuma mwenyewe kabla ya majira ya baridi, nyekundu na nyeupe, kwa sababu kwao huwezi kuacha unachokipenda kikae uchi kwenye theluji. Oqnazar aliivua. Ilichuruzika maji ya kila kivuko walichopita, na chini yake shaba yote ilikuwa imeota kutu ya kijani.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitazama maji. Oqnazar akaisokomeza soksi mfukoni mwa koti.

"Ni nini?"

"Kutu. Uzembe wangu."

Akauchomoa kwanza waya wa winchi kwenye betri, maana umeme ule hauna msamaha, akakwangua kwa kisu mpaka shaba ikawa nyekundu. Akakaza nati, akarudisha waya. Maji yalikuwa yameanza kuingia mlangoni.

Akabonyeza. Winchi ikanguruma.

Miaka yote hii Oqnazar hajaizoea. Kimota kisichozidi mkate mmoja, na mto uliokula madaraja na nyumba za babu zake! Waya ulikaza mpaka ukalia. Gari likatetemeka, mto ukivuta huku, kimota kikivuta kule. Kisha, katikati ya hayo yote, akaachia kitufe.

"Una wazimu? Maji hayo!"

"Imepata moto. Nikiilazimisha itaungua. Ipumue."

Wakangoja, maji yakipiga magoti ya Nuqra. Oqnazar hakuwahi kungoja muda mrefu hivyo maishani mwake. Alipobonyeza tena, mchanga uliachia, na gari likapanda ukingoni likimwaga maji kila upande. Nyuma yao jiwe kubwa kama tanuri lilibingirika pale pale walipokuwa wamekwama.

"Yo Mawlo," Oqnazar alinong'ona, akimwita Mola wake. Alikuwa akilia na hakuona aibu. Nuqra akashuka, akaigusa winchi yenye moto, kisha akavibusu vidole vyake, kama anayemwamkia mgeni wa heshima.

Jioni, shirchoy, chai yao ya maziwa, ikichemka jikoni, Nuqra alichukua koti la mumewe kulikausha. Akaitoa soksi mfukoni. Aliigeuza kwa muda mrefu.

"Nyekundu niliitia mimi. Nyeupe niliitia mimi. Hii ya kijani sikuitia."

Oqnazar alipiga funda la chai. "Kijani gani? Sijaona."

"Muongo mkubwa wewe."

Nuqra akaushika mkono wa mumewe uliochubuliwa na kisu, akaubusu.