Mapigo Aliyoyapata Mama Vidole

Wodi ya upasuaji ilimwita Mama Vidole, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kwa miaka ishirini na miwili muuguzi huyu alishika nyayo za watu: wavuta sigara, wenye kisukari, wote ambao mishipa yao ya damu iliziba kama bomba la jikoni. Daktari akikosa mapigo juu ya unyayo, yeye huweka vidole viwili, hufumba macho, kisha huchora msalaba kwa kalamu pale alipoyapata. Wadogo walimwogopa, wakubwa walimsifu. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wiki ile aliyelazwa alikuwa kaka yake mkubwa, fundi wa cherehani ya kukanyaga. Mshipa wa paja uliziba, na asubuhi daktari wa upasuaji akaitengenezea damu njia nyingine ya kufika mguuni. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchunga. Njia hiyo ikiziba, mguu una saa chache tu za kuokolewa.

Saa saba mchana binti mmoja, muuguzi mgeni wa miezi mitatu kazini, alipitisha kipimo cha kusikilizia damu juu ya unyayo. Kimya. Akampigia simu Mama Vidole, aliyekuwa stoo ghorofa ya chini, naye akapanda ngazi mbio.

"Mdogo wangu, mguu una baridi," kaka akasema. "Siusikii kabisa."

"Tulia kaka, ni ganzi haijaisha."

Akaweka vidole, akafumba macho. Yakaja, tena yenye nguvu. Akachora msalaba.

"Nimwite daktari?" binti akauliza. "Kipimo hakisikii kitu."

"Kipimo chako kimezaliwa juzi. Andika: yapo, mia moja na kumi na nane kwa dakika."

Binti akaandika. Angebishaje? Na waliopita baadaye waliuona msalaba tu, wakaandika "yapo" bila kugusa.

Saa kumi na mbili jioni daktari akafunua shuka, akakuta mguu una mabaka ya zambarau. Walimrudisha mbio chumba cha upasuaji, wakazibua, wapi. Wakaukata juu ya goti.

Kesho yake Mama Vidole alifungua faili. Saa ileile, mwandiko wa binti: mapigo ya mkononi, sabini na sita, ya unyayoni, mia moja na kumi na nane. Moyo mmoja hauna hesabu mbili. Alikuwa amehesabu mapigo yake mwenyewe, ya moyo uliopanda ngazi mbio, yakidunda kwenye ncha za vidole vyake. Ni kosa la wanafunzi, analolikemea kila mwaka. Alishikwa na aibu.

Alimwambia daktari, akamwandikia matroni. Wakamjibu kwa ule upole unaouma kuliko matusi: "Hata wewe ni binadamu." Kisha akaenda kwa kaka yake, akamweleza yote bila kujitetea. Kaka alisikiliza huku anatazama dari. Maisha yake yote alikula kwa kukanyaga.

Kidonda kilikuwa kinasubiri kusafishwa. Mama Vidole akavuta toroli, akavaa glavu.

"Acha," kaka akasema. "Niitie yule binti."

Akavua glavu, akaenda kumwita.