Siku Honorata Alipokufa Mwamgongo

Asubuhi ya siku aliyokufa, Honorata alikula ugali na samaki, migebuka miwili, akalamba na vidole. Kifo chenyewe kilikuwa cha kwenye muvi, lakini alitaka afe vizuri kuliko wote waliowahi kufa kwenye runinga, Wanaijeria wakiwemo.

Wanaijeria hao ndio waliomharibu, ukimsikiliza mama yake. Alipokuwa binti mdogo pale Ujiji, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha video na kuwatafsiria watu muvi za Kinaijeria. Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Aliangalia nyuso zao, akatunga. Baba anambariki bintiye, Honorata anatangaza kuwa mzee anamlaani, na kibanda kizima kinalia mpaka mbu wanatoka nje kwa huruma. Baadaye akaanza kuigiza mwenyewe, kila mara mke mdogo mwenye roho mbaya, hadi wauza nyanya wa Mwandiga wakakataa kumuuzia. "Katafute sumu yako kwingine!" walimwambia.

Muvi hii sasa ilikuwa yake mwenyewe. Aliitunga, akauza cherehani zake kuigharimia. Kilibaki kipande kimoja tu, cha mwisho, na kamera ilikuwa ya kuazima, inarudi mjini na boti ya jioni ileile. Ikishindikana leo, imeshindikana.

Kipande hicho kilikuwa cha maiti kuletwa kijijini kwa mashua. Pande zile mashua yenye maiti haiingii na kelele. Hufungwa tawi la mchikichi mbele, injini huzimwa mbali, wanaume wakapiga kasia polepole. Aliyeko ufukoni akiona tawi na asisikie injini, anajua. Anajifunga kanga kiunoni, anaanza kulia kabla hajajua ni nani.

Honorata alichagua Mwamgongo, kijiji cha kwao, na akachagua siku ambayo mama yake, Agnesi, alikuwa amekwenda Kagunga kumwona dada yake. Maana Agnesi alishasema: "Kuwa mchawi, kuwa mwizi wa waume, kuwa lolote kwenye hizo video zako. Kufa, hapana. Nimezika wawili kwenye kijiji hiki. Wa tatu nisimwone amelala ndani ya sanda hata kwa utani."

Basi akawapanga waombolezaji ufukoni, akawapa somo.

"Lieni jina langu, Honorata. Mtatoa wapi machozi kwa mtu msiyemjua? Sauti tutaifunika kwa muziki. Na asiache mtu kulia mpaka Meshack wa kamera aseme kata. Hata mama yako mzazi akikuuliza kitu, wewe lia!"

"Hapo umefika," alisema jirani yao, Wema, aliyekuwa na kiu ya kuonekana kwenye video tangu kuumbwa kwake. "Mimi nitalia mpaka ziwa lipande."

Mashua ikatoka. Honorata akalala chali, wakamfunika shuka jeupe hadi usoni. Anatoli, mwenye mashua, akazima injini. Yakabaki makasia mawili na maji.

Ufukoni vilio vikapanda. Honorata alitabasamu chini ya shuka, akajikaza, akapunguza pumzi. Ndipo akasikia sauti ambayo haikuwa kwenye mpango.

"Nani? Wema, ni nani huyo?"

Mama alikuwa amerudi na boti ya asubuhi.

"Wema! Nakuuliza, nani?"

Naye Wema hakuvunja sheria. Alijipiga kifua. "Honorata wako, dada! Honorataaa!"

Chini ya shuka Honorata alingoja. Mtu mmoja tu amwambie. Pastory, mwenyekiti wa kijiji, yuko pale, anajua kila kitu. Lakini Pastory naye alikuwa amejitupa mchangani akilia kama mjane, maana Meshack hajasema kata.

"Mwana wanje! Mwanangu!" Sauti ya Agnesi ikakatika, na baada yake yakasikika maji. Chubwi. Chubwi.

Ufuko ule hauna mchezo. Hatua chache tu mguu haugusi chini, na Agnesi, aliyezeeka kandokando ya ziwa, hajui kuogelea. Honorata aliuma ulimi. Akiinuka, cherehani zimekwenda bure, muvi imekwenda. Bado kidogo tu mashua iguse mchanga. Labda watu watamshika mama. Chubwi. Halafu sauti ya mtu anayemeza maji.

Maiti akainuka.

Anatoli alirusha kasia, wakasema lilikutwa ng'ambo, Kongo. Waombolezaji, waliokuwa wamelia mpaka wakaamini, walikimbia, mmoja akapanda mchikichi asioupanda hata kwa malipo. Honorata hakuona hayo. Alijitupa majini na sanda yake, shuka likamzonga miguu, akazama, akaibuka, akashika kanga, akashika nywele, akavuta. Walipofika mchangani, mama alitapika maji, akamtazama.

"Umekufa au hujafa?"

"Sijafa, mama."

"Hakika?"

"Hakika, mama."

Kibao alichopigwa, watu wa Kagunga walidhani radi. Kisha Agnesi akamkumbatia, akatetemeka mpaka jua lilipopungua. Pembeni Wema alikuwa bado analia. Meshack hakuwa amesema kata. Wala kamera hakuizima.

Muvi ikaisha hivyohivyo, mama anamfuata mwanawe majini na mwanawe anaamka. Ilipoonyeshwa kwenye kile kibanda cha Ujiji, watu walilia mpaka benchi likalowa. Agnesi peke yake hakulia. Alikaa mbele, amemshika bintiye kifundo cha mkono, kidole gumba kimebana pale mshipa unapopiga. Hakuachia mpaka taa zilipowashwa.

Ukimwuliza kwa nini alimng'ang'ania hivyo, atakwambia benchi lilikuwa linayumba.