Kiti cha Baba

Juzi, kwenye dirisha la duka huku ughaibuni, Longbridge, niliona sebule ya Pasaka iliyopambwa kama nyumba za mashambani Ufaransa, yenye vitambaa vya kufuma juu ya viti. Nikakumbuka harufu ya uji wa muhogo.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, mama alivichovya vitambaa vyake katika uji huo, akavipiga pasi ya makaa vikakakamaa, kisha akavitandika juu ya viti.

“Kiti hicho usikikalie, wewe. Baba yako anakuja kesho.”

Alipotoka nikakikalia. Kitambaa kikakunjamana, na kesho yake baba hakuja.

“Mama, amekasirikia kiti?”

“Kula chapati, mwanangu.”

Leo najua baba alikuwa na nyumba nyingine, na mama alijua hata alipokuwa akipiga pasi. Lakini nimeshahama nyumba tisa, na sijapata kiti ninachokikalia nikatulia.