Kasiksi ya Kumushukuru Maman Nabintu

Ile aibu niliyopata pale mutaa wa Kasha nisingependa kuisema, lakini watu wa Bagira wanaisema vibaya, wanaongeza chumvi, basi afazali niiseme mwenyewe. Ila kwanza muniache nianze na ngombe.

Nilikuwa mutoto kule Kalehe, masomo yangu ilikuwa imeisha tayari (nilifika mwaka wa tatu, mwalimu akasema huyu afazali achunge mbuzi), na siku moja ngombe ya jirani yetu ikaanguka mu shimo ya kuivishia ndizi. Papa yangu akaitoa kwa kamba na kwa matusi, shati yake ikapasuka mugongo muzima, na yule jirani hakusema kitu, akachukua ngombe yake akaenda. Mama alikasirika mpaka akasahau kutia chumvi ku mboga. Kumbe siku zikapita, tukaona jirani anapanda kilima kuja kwetu, amevaa vesti, lile koti ya sherehe, nyuma yake kaka yake amebeba kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na ni kaka ndiye alisema maneno yote, jirani mwenyewe alikuwa anaangalia chini tu kama bibi-arusi. Walipoenda, papa akaniambia: "Umeona? Malalamiko iko na mabawa. Shukrani inatembea na miguu, tena inabeba muzigo."

Ile neno ilinikaa mu kichwa. Na ndiyo ilikuja kuniharibia uzee wangu.

Kwa sababu mimi kazi yangu ni kutengeneza miamvuli, kando ya soko, na hapa Bukavu mvua haiombi ruhusa. Mwenye mwamvuli yake inavuja anaanza kulalamika toka ng'ambo ya barabara, ili hata wale hawana miamvuli wajue. Mwenye yake imekaza anapita mbele yangu mu mvua, mukavu kama biskuti, hata salamu hapana. Siwachukii. Mutu mukavu anakumbuka nini? Ni maji ndiyo inakumbusha.

Sasa, tangu bibi yangu alikufa, chakula ya midi, ile ya saa sita, nilikuwa nakula kwa Maman Nabintu, mujane, mwenye alikuwa na malewa yake Kasha, mahali ya kuuzia chakula, ni kusema masufuria, mabenchi na bashi ya kuzuia jua. Alikuwa anapikia mu kiwanja ya shemeji yake, muzee Birindwa, kaka mukubwa wa marehemu bwana yake, na Birindwa alimuachia ile mahali kwa neno moja: utapika hapa kama uko mujane wa ndugu yangu, siku utaolewa, ubebe masufuria yako uende. Na ile masufuria ndiyo ilisomesha watoto wake. Kila mutu pale alijua hiyo sheria. (Mimi pia niliijua, ndiyo maana nasema akili yangu siku ile ilibakia nyumbani.)

Muone vile wateja walikuwa wanamufanyia. "Maman, hii bugali ni ya leo ao ya marehemu?" "Maman, sambaza gani hizi, samaki naona macho tu, mwili iko wapi?" Na yeye anajibu polepole, "Leta nikuongeze, papa," na mutu anaongezewa, anapanguza sahani na kidole, anapanguza kinywa, anaenda. Aksanti hakuna. Miaka yote ile sikusikia hata moja, na mimi pia sikuitoa, nilikuwa napanguza sahani kama wengine.

Basi, Siku ya Mungu moja, padiri akasema mu misa kwamba hii juma kila mutu amushukuru mutu mwenye hajamushukuru hata siku moja. Mutu wa akili angepita pale na kusema, "Aksanti maman, maharagi yako ni tamu," akaenda zake, habari imekwisha. Lakini mimi nikasema hapana, shukrani inabeba muzigo, nikanunua bidoni ya kasiksi, nikavaa vesti ya ndoa yangu (mabega ingali inatosha, tumbo tulielewana lisifungwe), nikamuita rafiki yangu Papa Deo anisemee, maana kwetu mutu hajisemei. Papa Deo alikuwa katekista, na mpaka leo hawezi kusimama bila kuhubiri.

Tulifika watu wamejaa kutoka misa. Papa Deo akaweka bidoni katikati ya mabenchi, akakohoa, watu wakageuka.

"Maman Nabintu, na ninyi wote munaokula," akasema, "hatukukuya bure. Huyu muzee iko peke yake mu nyumba. Ameonja mikono mingi hapa Bagira, na mukono yako ndiyo ameurudia."

Mwanamuke mumoja akapiga kigelegele. Mimi nikamuvuta Papa Deo shati.

"Fika ku aksanti," nikamunong'oneza.

"Ngoja, ningali ku utangulizi."

Na hapo ndipo niliona kile kila mutu alikuwa ameshaona: vesti, kasiksi, musemaji, na muzee mwenye kufiwa na bibi anasimama mbele ya mujane anaangalia chini. Hakuna mutu wa huku angeona kitu ingine isipokuwa kuposa. Maman Nabintu alisimama na mwiko mukononi, uso wake ukabadilika, akageuka kuangalia nyumba ya nyuma. Kigelegele ilikuwa imeshafika kule. Muzee Birindwa alikuwa anakuja, anakokota malapa.

"Kumbe," akasema, anazunguka bidoni. "Munaposa mu kiwanja yangu na mimi siitwi. Nabintu, kusanya masufuria."

"Shemeji, mimi sijui kitu," Nabintu akasema. "Huyu ni kiliya tu, muteja kama wengine."

Nikasimama mbele ya Birindwa. "Muzee, si kuposa. Nilikuja kusema aksanti."

"Aksanti ya nini? Alikuwa anakupa chakula bure?"

"Hapana, nalipaga."

"Sasa mutu analipa, tena anashukuru?" Akawageukia watu. "Nani hapa alishamushukuru mutu mwenye alimulipa?"

Wakaangalia mu masahani. Papa Deo akataka kueleza mambo ya mahubiri, Birindwa akamukata: "Papa, aksanti haivaagi vesti. Mimi si mutoto. Nabintu, nimesema masufuria."

Na yule mama akainama, akaanza kuondoa sufuria ya maharagi ku moto, pole pole, kama mutu anaondoa mutoto amelala.

Sasa musikie nilichofanya. Nilichukua sahani ya mutu, sijui ya nani, nikakula mara moja, nikatema chini. Nikapiga kelele kama wale wa miamvuli. Nikasema mimi nimuoe huyu? Huyu mwenye kupika maharagi kama mawe ya barabara? Nikasema sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, iko na muchanga, bugali yake iko na mabonge, tangu nianze kukula hapa tumbo haijalala, na ile kasiksi nilileta ni ya kusafisha kinywa. (Yesu anisamehe, ile maharagi ilikuwa inayeyuka yenyewe ku ulimi.)

Na watu wakaniamini pale pale. Ndiyo kitu inaniumiza mpaka leo: aksanti yangu walihitaji ushahidi, matusi yangu hakuna aliyeuliza. Motari mumoja, wa kubeba watu na pikipiki, akaongeza, "Na pilipili anatia kidogo." Mwingine, "Chai yake ni maji ya kuoga." Hata yule wa kigelegele akasema mafuta ni mingi. Birindwa akaanza kucheka, akaketi ku benchi.

"Huyu si wa kuoa mutu," akasema. "Rudisha sufuria, Nabintu, watu wana njaa. Na munipe ile kasiksi nione." Akaonja. "Iko kali sana," akasema, akaongeza kikombe.

Maman Nabintu akarudisha sufuria ku moto. Akanifuata mpaka mwisho wa bashi, ananipa kofia yangu niliyosahau, na akasema kwa sauti, wote wasikie: "Toka, muzee. Na usirudi kwangu." Halafu akapanguza kofia na kitenge yake, hakukuwa na kitu juu yake, akanivalisha mwenyewe. Niliangalia macho yake mara moja, nikaacha.

Siku hizi nasema hivi: ukitaka kumushukuru mutu wa kazi, umurudie kesho yake, ukule, unyamaze. Na mimi hata hiyo siwezi tena, maana siku moja tu Birindwa akiniona ku ile benchi, atajua matusi ilikuwa ya uongo na vesti ilikuwa ya kweli.

Papa Deo alibakia kukunywa. Mimi nikashuka na njia ya barabara kubwa, vesti wazi, na nyuma nikasikia mutu anaita, "Maman, kijiko hii iko chafu," na yeye anajibu, "Leta nikubadilishie, papa." Nikaendelea kushuka. Kule sijarudi.