Mume wa Gahongayire

Gahongayire alikuwa fundi cherehani pale Gitega, Kigali, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Marafiki zake wote walivaa kazi ya mkono wake siku za kuposwa na siku za kuolewa. Yeye alikuwa amevuka thelathini na hajaulizwa na mtu. Hilo lilimuuma, nao walijua linamuuma, kwa hiyo wakalifanya utani wao.

Kiangazi cha mwaka tisini na mbili, Kaliza alipita kibarazani. Alikuwa karani wa ofisi moja Kiyovu, mrembo na mwenye kujijua. Shyaka, kijana wa Butare, alikuwa amemchumbia, na mama yake Shyaka alitaka kumwona mkwe. Msichana haendi kuonwa peke yake, huenda na wenzake.

"Twende, Gaho," alisema Kaliza. "Tutalala huko, tutembee mji. Na iko mwanaume, ndugu ya Shyaka. Mwalimu, bibi yake alikufa. Nimemwambia juu yako."

Hakuwa amemwambia mtu chochote. Alitaka tu mwenzake wa sura ya kawaida wa kukaa naye bega kwa bega, tena mwepesi wa kuinuka kuosha vyombo. Gahongayire aliamini kila neno. Juma hilo nguo za wateja zilingoja, akajishonea gauni la buluu na kuifumua kola mara mbili.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Rwema, kaka yake Kaliza, ndiye aliyeendesha gari, na rafiki mwingine, Umuhoza, alikaa nyuma na Gahongayire. Kwenye vizuizi askari walichungulia ndani wakawaruhusu. Vita vilikuwa kaskazini, wao walikwenda kusini kustarehe.

Butare, ambayo wazee bado waliiita Astrida, iliwapendeza. Waliingia makumbusho kutazama vikapu na vyombo vya maziwa vya zamani, kisha Kaliza akapigwa picha chini ya miti ya barabara kuu huku Gahongayire amemshikia mkoba.

Jioni walikula kwa mama Shyaka. Mwalimu Munyakazi alichelewa, na kiti kilichobaki kilikuwa kando ya Gahongayire. Akamuuliza nani ameshona magauni yale matatu. Alipojua, alimweleza kwamba cherehani ya marehemu mkewe bado imekaa sebuleni, hajui aifanyeje.

"Itie mafuta, Mwalimu," alisema Gahongayire. "Ikikaa bila kazi inashika kutu."

"Na mwenye nyumba je?"

Gahongayire alicheka mpaka akasahau kuinuka kuosha vyombo. Kaliza aliliona hilo.

Jumapili baada ya misa, Munyakazi alimsindikiza Gahongayire toka kanisani hadi getini kwa mama Shyaka, polepole. "Kuna jambo nataka kumuuliza rafiki yako kwanza," alimwambia. "Ndiye aliyekuleta, ndiyo heshima." Gahongayire alitazama chini. Moyo ulimjaa furaha.

Alasiri, wakati wa kuagana, Munyakazi alimpa mkono bila kumtazama usoni.

Walipoipita Nyanza alishindwa kuvumilia, akauliza kama Mwalimu alisema kitu. Kaliza na Umuhoza waliangua kicheko.

"Aliniuliza kama uko na mtu," alisema Kaliza. "Nikamwambia uko na bwana, dereva wa lori, iko Mombasa."

"Na watoto wawili," aliongeza Umuhoza, akijifuta machozi ya kicheko.

"Kwa nini, Kaliza?"

"Tulikuwa tunacheka tu. Halafu ukihamia Butare, nani atanishonea?"

Gahongayire alimshika Rwema bega, akamwomba ageuze gari. Rwema alimtazama dada yake, akaendelea kuendesha.

"Ukirudi kusema si kweli, mimi ndiye mwongo mbele ya mama mkwe," alisema Kaliza, sasa hacheki. "Unataka kunivunjia ndoa? Ngoja harusi ipite, nitamweleza mwenyewe."

Akangoja. Inaudhi kuisimulia habari hii, maana mtu angependa kumshika mabega amtikise. Lakini hakuwa na marafiki wengine, na aliogopa kubaki peke yake kuliko alivyoogopa kudhulumiwa. Akashona shela, akashona magauni ya wasimamizi, akashona mpaka shati la Rwema.

Harusi ilikuwa Kigali, mwezi wa Desemba. Munyakazi alikuja na mchumba wake, mwanamke mpole mwenye haya. Mwalimu alipomwona Gahongayire alimwendea, akamsalimu kwa mikono miwili, kwa adabu anayopewa mke wa mtu.

"Bwana hajambo? Amerudi toka Mombasa?"

Kaliza alikuwa karibu, ndani ya shela, ubavuni kwa mama mkwe. Alikuwa anamtazama. Mchumba wa Munyakazi naye alitabasamu, akisubiri jibu.

"Hajambo," alisema Gahongayire. "Anawasalimu."